Sura ya Tisa: Kupanga Nafasi kwenye Wingu

Malengo ya sura

Ukimaliza sura hii, mtahiniwa, uweze:

(a) kueleza maana na sifa za huduma za wingu;
(b) kutofautisha aina za makazi ya tovuti;
(c) kutofautisha ngazi tatu za huduma za wingu na kutaja wajibu wa mteja katika kila ngazi;
(d) kukokotoa gharama, muda wa kutopatikana na muda wa kuchelewa;
(e) kumshauri mfanyabiashara mdogo au msanidi programu anayejitegemea achague huduma ipi, na kumtahadharisha juu ya hatari zake.

9.1 Wingu ni nini?

Tovuti yoyote unayoifungua kwenye simu yako inakaa mahali fulani. Maandishi, picha na hifadhidata yake vimo ndani ya kompyuta iliyounganishwa na intaneti saa 24. Kompyuta hiyo huitwa seva. Seva ikizimika, tovuti haionekani. Kwa hiyo kila mwenye tovuti, awe msanidi programu anayefanya kazi peke yake au duka dogo la mtaani, lazima ajibu swali hili: seva yangu itakaa wapi, na nani ataitunza?

Njia ya kwanza ni kununua seva na kuiweka ofisini. Hapo utahitaji pia umeme wa akiba, kiyoyozi, intaneti isiyokatika na fundi wa kuamka usiku ikiharibika. Njia ya pili ni kupanga nafasi kwa mtu mwenye seva nyingi. Njia hii ya pili ndiyo msingi wa huduma za wingu.

*Fasili ya kukumbuka:* Huduma za wingu ni utaratibu wa kupata uwezo wa kompyuta (seva, hifadhi, mtandao na programu) kupitia intaneti, pale unapouhitaji, na kulipia kadiri ya matumizi, bila kumiliki mitambo yenyewe.

Seva za wingu zimo ndani ya majengo makubwa yaitwayo vituo vya data. Kituo cha data kina seva nyingi, jenereta, betri za akiba, mitambo ya kupooza joto na walinzi. Vingi viko Marekani, Ulaya na Asia. Barani Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hapa kwetu kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, Dar es Salaam.

9.2 Huduma hizi zilivyoanza

Zamani aliyetaka seva ya kukodi alikodi mtambo mzima, mara nyingi kwa mkataba wa miezi mingi. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza huduma mbili zilizobadilisha biashara hii: S3 ya kuhifadhi mafaili (mwezi Machi) na EC2 ya kukodi seva kwa saa (mwezi Agosti). Mteja aliweza kuwasha seva asubuhi, kuizima jioni na kulipia saa alizotumia tu.

Kampuni nyingine zililenga watu wadogo. Linode, iliyoanzishwa mwaka 2003, na DigitalOcean, iliyoanzishwa mwaka 2011, zilijulikana kwa kuwauzia wasanidi programu wanaojitegemea seva ndogo kwa bei ya mwezi inayoeleweka. Heroku, iliyoanza mwaka 2007, ilimwezesha msanidi kuweka programu yake hewani bila kugusa seva kabisa.

*Inawezekanaje seva iwe rahisi hivyo?* Jibu ni mgawanyo. Programu maalumu huigawa seva moja kubwa katika vipande vingi vinavyojitegemea. Kila kipande huitwa mashine pepe, na kina mfumo endeshi wake kana kwamba ni kompyuta kamili. Chukua seva yenye kumbukumbu ya GB 64. Ukitenga GB 4 kwa ajili ya kuiendesha seva yenyewe, zinabaki GB 60. Ukigawa mashine pepe za GB 2 kila moja, unapata wapangaji 30 wanaochangia gharama ya mtambo mmoja.

9.3 Sifa tano za huduma za wingu

Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2011 fasili inayotumika sana hadi leo. Inataja sifa tano:

1. *Kujihudumia.* Mteja anawasha na kuzima seva mwenyewe, bila kumpigia simu mtu.
2. *Kufikika kwa mtandao.* Huduma inatumika kwa simu, kompyuta mpakato au kifaa kingine chochote chenye intaneti.
3. *Kuchangia rasilimali.* Wateja wengi wanatumia mitambo ileile, kila mmoja kwenye sehemu yake.
4. *Kunyumbuka haraka.* Uwezo unaongezwa wateja wakizidi, na kupunguzwa wakipungua.
5. *Kupimwa.* Matumizi yanahesabiwa na bili inatokana na kipimo hicho.

Sifa ya tano inafanana na LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Lakini angalia tofauti, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wengi. LUKU unalipa kwanza. Uniti zikiisha, taa zinazimika. Huduma nyingi za wingu unatumia kwanza, kisha bili inakuja mwisho wa mwezi. Ukisahau seva inawaka, itaendelea kuhesabu.

9.4 Aina za makazi ya tovuti

Ili usizichanganye aina hizi, zilinganishe na nyumba za kupanga.

*(a) Seva ya pamoja.* Ni kama chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi: bomba moja, choo kimoja. Tovuti nyingi zinakaa ndani ya mfumo endeshi mmoja. Ni rahisi kuliko zote na haihitaji ujuzi mkubwa. Kasoro yake ni kwamba tovuti ya jirani ikipata wageni wengi, yako inakuwa nzito, na jirani asiye mwangalifu anaweza kuwaletea wote wadukuzi.

*(b) Seva pepe binafsi.* Ni kama nyumba ya kujitegemea ndani ya uzio wenye nyumba kadhaa. Una mlango wako, jiko lako na bafu lako, ila kiwanja ni kimoja. Hii ni mashine pepe uliyoisoma kipengele cha 9.2. Mteja ana uhuru wa kuweka programu anayotaka, lakini usafi wa ndani ni juu yake.

*(c) Seva ya pekee.* Ni nyumba nzima na kiwanja chake. Mtambo wote ni wa mteja mmoja. Una nguvu, lakini ni ghali, na kuuongezea uwezo huchukua muda.

*Zingatia:* Makazi ya tovuti na jina la kikoa ni vitu viwili tofauti. Jina la kikoa, kwa mfano lile linaloishia na .co.tz, ni anwani ya nyumba. Makazi ni nyumba yenyewe. Unaweza kuhama nyumba ukabaki na anwani, mradi jina limesajiliwa kwa jina lako. Mfanyabiashara anayemwachia fundi asajili kikoa kwa jina la fundi anaweza kukipoteza siku wakikosana.

9.5 Ngazi tatu za huduma na wajibu wa mteja

Sehemu hii ndiyo kiini cha sura nzima. Katika kila huduma ya wingu kuna kazi zinazofanywa na mtoa huduma na kazi zinazobaki kwa mteja. Aliyejua mpaka uko wapi hulala vizuri. Asiyejua hudhani kila kitu kinatunzwa na mwingine.

*Ngazi ya kwanza: miundombinu kama huduma*, kwa kifupi IaaS. Unapewa mashine pepe tupu. Kuweka mfumo endeshi salama, programu na nakala rudufu ni kazi yako. Mifano: EC2 ya Amazon na seva za DigitalOcean.

*Ngazi ya pili: jukwaa kama huduma*, kwa kifupi PaaS. Unaleta programu uliyoiandika, mtoa huduma anaiendesha. Hushughuliki na mfumo endeshi. Mifano: Heroku na Google App Engine, iliyoanza mwaka 2008.

*Ngazi ya tatu: programu kama huduma*, kwa kifupi SaaS. Unatumia programu iliyokamilika kupitia kivinjari. Mifano: Gmail, na Shopify ambayo humwezesha mtu kufungua duka la mtandaoni bila kuandika programu.

Jifunze jedwali hili hadi uweze kulichora bila kutazama:

| Kazi | Seva yako ofisini | IaaS | PaaS | SaaS |
|---|---|---|---|---|
| Jengo, umeme, mitambo | Wewe | Mtoa huduma | Mtoa huduma | Mtoa huduma |
| Mfumo endeshi na masasisho | Wewe | Wewe | Mtoa huduma | Mtoa huduma |
| Programu ya biashara | Wewe | Wewe | Wewe | Mtoa huduma |
| Data, manenosiri, ruhusa za watumiaji | Wewe | Wewe | Wewe | Wewe |

Soma mstari wa mwisho mara mbili. Kadiri unavyosogea kulia kwenye jedwali, kazi zako zinapungua, lakini data na manenosiri hubaki mikononi mwako katika kila safu. Mtoa huduma hawezi kujua kwamba neno lako la siri ni 123456, wala kwamba mfanyakazi uliyemwachisha kazi bado ana ruhusa ya kuingia.

9.6 Hesabu za wingu

Bei zilizo katika mifano ifuatayo ni za kujifunzia tu.

*Mfano 1: Faida ya kunyumbuka.* Duka la vifaa vya shule mjini Morogoro lina tovuti. Miezi 11 ya mwaka inatosha seva ya TSh 40,000 kwa mwezi. Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, inahitajika seva ya TSh 160,000. Linganisha gharama ya mwaka kwa (i) kukodi seva kubwa mwaka mzima na (ii) kuongeza uwezo Januari tu.

(i) 12 × 160,000 = TSh 1,920,000
(ii) (11 × 40,000) + 160,000 = 440,000 + 160,000 = TSh 600,000
Akiba: 1,920,000 − 600,000 = TSh 1,320,000

Angalia akiba imetoka wapi. Imetoka kwenye matumizi yanayopanda na kushuka. Biashara ambayo matumizi yake ni makubwa na hayabadiliki mwaka mzima inaweza kuona kumiliki seva ni nafuu. Kampuni ya 37signals ya Marekani, inayotengeneza Basecamp, ilitangaza mwaka 2022 kuwa inaondoka kwenye wingu na kurudi kwenye seva zake kwa sababu hiyo ya gharama. Swali likikuuliza "jadili", toa pande zote mbili.

*Mfano 2: Muda wa kutopatikana.* Mtoa huduma anaahidi upatikanaji wa asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30. Tovuti inaweza kuzimika kwa muda gani bila yeye kuvunja ahadi?

Dakika za mwezi: 30 × 24 × 60 = 43,200
Sehemu isiyoahidiwa: 100 − 99.9 = 0.1%
0.1 ÷ 100 × 43,200 = dakika 43.2

Ahadi ikiwa asilimia 99, jibu ni dakika 432, yaani saa 7 na dakika 12. Tofauti ya asilimia 0.9 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa duka ni saa kadhaa za mauzo.

*Mfano 3: Muda wa kuchelewa.* Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya waya kutoka Dar es Salaam hadi seva ina urefu wa kilomita 10,000. Ujumbe kwenda na kurudi huchukua muda gani usiopungua?

Umbali wa kwenda na kurudi: 2 × 10,000 = km 20,000
Muda: 20,000 ÷ 200,000 = sekunde 0.1 = milisekunde 100

Seva ikiwa umbali wa kilomita 5,000 tu, muda unakuwa nusu, milisekunde 50. Ukurasa mmoja unaweza kuhitaji safari nyingi za namna hii kabla haujakamilika. Ndiyo maana eneo la kituo cha data ni jambo la kuuliza kabla ya kulipia.

9.7 Hatari na namna ya kujikinga

*(a) Kituo cha data kuharibika.* Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote na sehemu ya jengo la pili ikaungua. Hakuna mtu aliyeumia, lakini tovuti nyingi zilizimika. Waendeshaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust walitangaza kuwa data za seva zao 25 za Ulaya zimepotea moja kwa moja. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliwasha seva mpya na kuendelea. Waliokuwa na nakala ndani ya eneo lilelile la moto walipoteza vyote viwili.

Kinga: kanuni ya 3-2-1. Weka nakala *tatu* za data, kwenye aina *mbili* za hifadhi, na *moja* iwe mji mwingine au kwa mtoa huduma mwingine. Kisha jaribu kuirejesha. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha huna hakika nayo.

*(b) Njia ya intaneti kukatika.* Afrika Mashariki imeunganishwa na dunia kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, zikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili ziliharibika kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Seva za Ulaya zilikuwa nzima; tatizo lilikuwa njia ya kuzifikia. Kinga: biashara iwe na namna ya kurekodi mauzo bila intaneti, hata kama ni daftari, na kuyaingiza baadaye.

*(c) Bili isiyotarajiwa.* Seva iliyosahaulika, wageni wengi kuliko kawaida, au mdukuzi aliyeiba nenosiri na kuwasha seva zake kwa jina lako, vyote huongeza bili. Kampuni nyingi za nje pia hutoza kwa dola. Huduma ya dola 12 ni TSh 30,000 dola ikiwa TSh 2,500, lakini ni TSh 32,400 ikipanda hadi TSh 2,700. Kinga: weka tahadhari ya bili ili upewe taarifa matumizi yakifika kiasi ulichopanga, na chagua bei ya mwezi isiyobadilika kama biashara ni changa.

*(d) Huduma ya bure kuondolewa.* Kwa miaka mingi Heroku ilitoa nafasi ya bure iliyopendwa na wanafunzi. Tarehe 28 Novemba 2022 ilianza kuiondoa. Wengine walilipia, wengine wakahama, na waliochelewa programu zao zikazimwa. Kinga: tumia cha bure kujifunzia, lakini biashara isikitegemee bila mpango wa kuhama.

*(e) Kufungwa kwa mtoa huduma mmoja.* Ukitumia vifaa ambavyo vipo kwa kampuni moja tu, kuhama kunakuwa kazi kubwa. Kinga: tumia programu za kawaida zinazopatikana kila mahali, kama vile Linux na hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL, na hakikisha unaweza kupakua data yako yote.

*(f) Taarifa za wateja kuvuja.* Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Duka linalokusanya majina na namba za simu za wateja lina wajibu wa kuzilinda, na kuweka data kwenye seva iliyo nje ya nchi hakuliondolei wajibu huo. Kinga: nenosiri refu lisilotumika kwingine, uthibitishaji wa hatua mbili, na kufuta ruhusa ya mfanyakazi siku anayoondoka.

9.8 Hatua za kumshauri mteja

Swali likikupa hali halisi na kukutaka ushauri, fuata mpangilio huu ili usipoteze alama:

1. *Taja hitaji.* Ni ukurasa wa matangazo tu, au kuna malipo na hifadhidata?
2. *Taja ujuzi.* Je, kuna mtu wa kutunza mfumo endeshi? Kama hayupo, usipendekeze IaaS.
3. *Taja walipo watumiaji.* Chagua kituo kilicho karibu nao.
4. *Kokotoa gharama* ya mwezi na ya mwaka, ukihesabu pia jina la kikoa na nakala rudufu.
5. *Taja hatari mbili* na kinga ya kila moja.
6. *Toa uamuzi.* Andika "Ninapendekeza… kwa sababu…". Jibu lisilo na uamuzi halijakamilika.

9.9 Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

• Kuandika "wingu ni kuhifadhi data angani". Data imo kwenye seva ndani ya kituo cha data.
• Kuchanganya jina la kikoa na makazi ya tovuti.
• Kuandika "usalama ni kazi ya mtoa huduma". Sema kazi ipi ni yake na ipi ni ya mteja, kufuatana na ngazi.
• Kuandika faida bila maelezo. "Ni rahisi" peke yake haitoshi. Andika "ni rahisi kwa sababu mteja hanunui mitambo, hulipia matumizi tu".
• Kusahau kipimo cha mwisho: dakika, shilingi, milisekunde, GB.

Maswali ya kujipima

*Sehemu A.* Chagua jibu sahihi.

1. Sehemu ya seva inayojitegemea na yenye mfumo endeshi wake huitwa: A. kikoa B. mashine pepe C. kivinjari D. nakala rudufu

2. Katika ngazi ipi mteja ndiye anayesasisha mfumo endeshi? A. IaaS B. PaaS C. SaaS D. zote tatu

3. Kuongeza uwezo Januari na kuupunguza Februari ni mfano wa: A. kujihudumia B. kupimwa C. kunyumbuka D. kuchangia rasilimali

*Sehemu B.* Jibu kwa kifupi na uoneshe njia.

4. Mtoa huduma anaahidi upatikanaji wa asilimia 99.5. Kokotoa muda wa juu wa kutopatikana kwa mwezi wa siku 30.

5. Ukurasa wa tovuti una MB 3 na hufunguliwa mara 400 kwa siku. Kifurushi kinaruhusu GB 30 kwa mwezi wa siku 30, na kila GB ya ziada ni TSh 200. Kokotoa malipo ya ziada. (GB 1 = MB 1,000)

6. Kwa nini nakala rudufu iliyo katika jengo moja na seva haitoshi?

*Sehemu C.* Insha.

7. Fundi cherehani mmoja anataka kuonesha mishono yake mtandaoni na kupokea oda. Hana ujuzi wa kompyuta zaidi ya kutumia simu. Mshauri achague ngazi ipi ya huduma ya wingu, na umweleze mambo mawili ambayo yatabaki kuwa wajibu wake.

Majibu

1. B  2. A  3. C

4. 100 − 99.5 = 0.5%. Dakika za mwezi ni 43,200. 0.5 ÷ 100 × 43,200 = dakika 216, yaani saa 3 na dakika 36.

5. 3 × 400 × 30 = MB 36,000 = GB 36. Ziada: 36 − 30 = GB 6. Malipo: 6 × 200 = TSh 1,200.

6. Kwa sababu janga moja, kama moto au mafuriko, linaweza kuharibu seva na nakala kwa wakati mmoja, na data isirudi tena. Mfano: moto wa Strasbourg, mwaka 2021.

7. *Mambo ya kutaja:* Hitaji ni kuonesha picha na kupokea oda. Ujuzi ni mdogo. IaaS haimfai kwa sababu itamlazimu atunze mfumo endeshi, na PaaS haimfai kwa sababu hana programu aliyoiandika. Ninapendekeza SaaS, yaani huduma ya duka la mtandaoni lililokwisha kutengenezwa, kwa sababu mtoa huduma anatunza mitambo, mfumo endeshi na programu. Wajibu wa kwanza unaobaki kwake ni kulinda akaunti yake kwa nenosiri imara na uthibitishaji wa hatua mbili, kwa kuwa mtu akiingia anaweza kubadili namba ya malipo na oda zikalipwa kwa mwingine. Wajibu wa pili ni kutunza data: apakue orodha ya wateja na oda zake kila wiki na kuihifadhi mahali pengine, ili akaunti ikifungwa au huduma ikikoma asianze upya kutafuta wateja, na asizigawe taarifa zao kwa watu wasiohusika. Alama kamili hupatikana kwa kutoa uamuzi, sababu, na wajibu wote wawili pamoja na maelezo yake.